Malalamiko Dhidi ya Mama Aliyesoma Ripoti Yangu Hadharani

Kwa Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii,
Ofisini kwako.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUHUSU: UTOVU WA NIDHAMU KATIKA SIKU YA KISOMO

Nakuandikia nikiwa na afya njema ya mwili. Ya heshima sina tena tangu Jumamosi.

Utakumbuka ulinituma kutathmini Siku ya Kisomo katika ukumbi wa mtaa, ambako watu wazima hujifunza kusoma kila Jumanne. Ulinichagua kwa sababu natazama mambo kwa mtazamo mpana. Maafisa wengine huhangaika na mtu mmoja mmoja: huyu kafiwa, yule kafukuzwa kazi. Mimi natazama jamii nzima, mifumo na sera. Ni sawa na mtu aliyesimama juu ya paa. Anaona mabati yote, na hasumbuliwi na wanaokohoa chini yake.

Kwa mtazamo huo, ripoti nilikwisha kuiandika siku tisa kabla. Sioni aibu kulisema. Jamii ni kitu kikubwa, haigeuki kwa siku tisa, na mtu anayesubiri tukio lifanyike ndipo afanye tathmini anachelewesha kazi za watu.

Ratiba ilitaka mwanafunzi mmoja apande jukwaani asome shukrani. Nilimteua mama anayefua mashuka ya zahanati, kwa kuwa ni mrefu na hutokea vizuri kwenye picha. Nilimkaririsha sentensi saba kwa siku mbili. Karatasi ilikuwa ya kushika tu. Bahati mbaya shukrani na ripoti yangu zilikuwa katika faili moja, na mkono wangu, kwa haraka ya kumpisha mpiga picha, ukatoa ripoti. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Kisha akaisoma.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba alisoma kilichoandikwa. Muungwana aliyekariri sentensi saba hutamka sentensi saba hata akipewa karatasi ya dawa ya minyoo. Yeye aliweka kidole chini ya neno la kwanza akalivuta silabi kwa silabi, na ukumbi ukawa kimya kuliko wakati wa hotuba ya mgeni rasmi. Huko ni kumvunjia heshima mgeni rasmi.

2. Kwamba alisoma polepole. Angekwenda mbio kama sisi wasomi, hakuna ambaye angeelewa. Ripoti za aina ile huandikwa ili zipitiwe kwa macho, tena macho ya mtu aliyechoka. Alipofika kwenye "washiriki mia nne na kumi walifurika ukumbini," watu waligeuka wakaanza kuhesabiana. Ukiacha meza kuu, walikuwa thelathini na wanane, pamoja na mpiga picha.

3. Kwamba aliuliza. Akiwa palepale jukwaani aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeulizia sabuni dukani, "Samahani afisa, hapa umeandika tulicheza na kushangilia hadi jioni. Sasa ni saa nne asubuhi. Tuanze?" Watu wakacheka. Mstari uliofuata ulisema kwamba yeye mwenyewe alibubujikwa na machozi ya furaha. Akajipapasa mashavu yote mawili, akasema, "Hili nalo bado," akaendelea kusoma.

4. Mgeni rasmi aliondoka kabla ya picha. Hili peke yake lingetosha.

5. Kwamba alifika kwenye mapendekezo, ukurasa ambao hata wewe, kwa heshima zote, hujawahi kuufikia. Niliandika hivi: "Kwa kuwa wakazi sasa wanajua kusoma, madarasa yote ya kisomo katika mji wetu yafungwe." Mama aliusoma mstari huo mara mbili. Mara ya pili hakukwama popote. Nilidhani watu hufurahi wakiambiwa wamehitimu. Badala yake aliinuka fundi baiskeli wa pale kona, mikono imejaa grisi, akasema, "Mimi nimefika M. Zilizobaki nitazisomea wapi?" Nilimweleza kwa upole kwamba katika mtazamo mpana hakuna herufi, kuna mwelekeo. Akajibu kwamba jina la mke wake linaanza na Z.

6. Kwamba hawakwenda nyumbani. Hili ndilo zito. Tukio lilipovunjika, viti havikuvunjika. Waliipitisha ripoti yangu mkono kwa mkono, wakafuta mia nne na kumi kwa penseli, wakaandika thelathini na saba, kwa maana mpiga picha alikuwa ameshamfuata mgeni rasmi. Chini yake wakaandika tathmini yao wenyewe, na imejaa vitu vidogo: ukumbi unavuja upande wa ubao, wazee wanahitaji miwani, darasa lisogezwe liwe baada ya zamu ya kufua. Kisha wakapiga kura kwa mikono kwamba watakuja kukuona wewe, wote, Ijumaa. Kila mmoja alitia jina lake, hata waliotumia robo saa kulimaliza. Dole gumba, ambalo sisi wataalamu tumelipenda miaka yote kwa kuwa halikosei tahajia, halikuguswa. Mheshimiwa, sisi tuliwafundisha herufi, mtu mmoja mmoja. Nani aliyewafundisha kuwa jamii?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Siku za Kisomo zijazo, mwanafunzi atakayesoma apewe karatasi tupu. Ripoti zote za idara ziandikwe kwa mwandiko wa daktari. Na pendekezo la kufunga madarasa litekelezwe wiki hii, kabla yule fundi hajafika Z.

Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva, wa masjala wote, na mwenye kutoa funguo za choo. Nyumbani pia, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mtumishi wako, kutoka juu ya paa,

Afisa Tathmini

Tanbihi: Nilipokuwa nalamba bahasha, uliingia ujumbe kwenye simu kutoka kwa mama yangu mzazi, anayeishi upande wa pili wa mji. Ujumbe wake siku zote huandikwa na jirani na huanza na "Mama yako anasema." Huu haukuanza hivyo. Uliandikwa bila nafasi hata moja: "mwanangunimesikiaumesomwapolesanajejumanneyetuipo". Nimempigia mwalimu wa kisomo wa huko. Mama yangu ana miezi mitano darasani, hukaa safu ya mbele kwa ajili ya macho, na amewakataza wenzake kuniambia, kwa kuwa mimi ni mtu mkubwa wa kisomo na hataki kuniaibisha kwa makosa yake. Mheshimiwa, pendekezo langu nalifuta, na yote niliyoyaandika juu ya mstari huu nayafuta. Jumanne ipo. Ijumaa wakija, wapokee. Mama sijamjibu bado. Naandika, nafuta. Natafuta maneno mafupi, na kati yake naacha nafasi kubwa.