Inchi Mbili za Bibi wa Miche

Tumbo la gari likikwaruza tuta hutoa sauti ya kutia meno ganzi. Mtaa mzima wa maduka ya spea uligeuka na kukunja uso. Injinia peke yake alitabasamu, kwa sababu aliijua sauti ile tangu zamani. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye gari asiyejua gari lake lina nini.

Aliitwa Injinia kwa ajili ya ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni na futi ya kupimia kiunoni. Spana hakuwahi kuishika ila kwa kumpokeza mtu. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya anayeuza na anayenunua, na kuhakikisha wawili hao hawaonani uso kwa uso. Mjini shule, husema watu, na yeye alijihesabu mwalimu mkuu wa shule hiyo. Tumwache ajihesabu kwanza.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mwalimu mkuu alikuwa na shida iliyomfika shingoni. Mchumba wake wa mwaka mzima, fundi cherehani mwenye maneno machache, alikuwa amemwambia bila kuinua macho kwenye mashine, "Baba kasema Jumamosi uje nyumbani. Na uje na hilo gari."

Hilo gari Injinia alilitaja siku ya kwanza walipokutana: gari kubwa la kupandia milima, tairi la akiba mgongoni. Tangu siku hiyo lilikuwa gereji. Mwaka mzima gari liko gereji! Binadamu angekuwa keshapona au keshazikwa.

"Lisipokuja," mchumba aliongeza, akikata uzi kwa meno, "na wewe usije. Wala Jumamosi hiyo wala nyingine."

Na tuseme ukweli, Injinia alimpenda yule dada. Katika mambo yote aliyowahi kuyasimulia mtaani, hilo tu ndilo ambalo hakulitia chumvi.

Basi mtazame Mola anavyogawa riziki zake. Lililokwaruza tuta lilikuwa gari kubwa la kupandia milima, la kijani, tairi la akiba mgongoni. Likasimama mbele ya duka la matairi, akashuka bibi mmoja mfupi, miwani ameifunga kamba shingoni, udongo umejaa kwenye kucha.

"Hamjambo, wanangu? Nani ataniinulia gari langu? Kidogo tu, inchi mbili. Na shokapu mpya, na matairi yenye meno ya kushika tope. Nauza miche ya maua, na njia ya kwangu ina mashimo, tumbo linasugua kila siku."

Kabla hajamaliza, Injinia alikuwa keshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Mafundi wapo wengi, mama. Mimi ndiye wanayemwuliza wakikwama."

Akachungulia ndani ya buti. Magunia saba ya udongo uliolowa! Hapo hapo akaujua ugonjwa wote. Gari lilikuwa zima kabisa, ila lilikuwa limebebeshwa kupita kiasi. Shusha magunia, nyuma itapanda yenyewe inchi mbili, pengine tatu, bila spana wala senti. Mtu mwema angemwambia bibi maneno hayo machache na kumwombea safari njema. Injinia aliyameza, na yakateremka laini.

Alilizunguka gari polepole, mikono nyuma. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye madigadi, akaguna. Akapima tena, akavua kofia.

"Pole, mama."

"Pole ya nini tena?"

"Chasisi imepinda kuelekea kushoto. Gari hili liliwahi kupinduka, likaungwa kwa kuchomelewa. Shokapu za nyuma zimekufa, zinavuja mafuta. Springi ya kushoto imekatika. Bushi zimelika zote. Na haya matairi unayoyaona yanang'aa, ndani yamepasuka."

Hayo yote aliyatunga papo hapo, amesimama wima, maana ovaroli ilikuwa imetoka kwenye pasi asubuhi ile.

Bibi alishika kifua. Alimtazama Injinia kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umeyaonaje yote hayo bila kuinama?"

"Mama, daktari mzoefu hampasui mgonjwa ili ajue ana homa."

"Hiyo kweli. Na hizo inchi zangu mbili?"

"Umwinue mgonjwa wa mgongo? Utahitaji springi mpya, na shokapu ndefu za kulingana nazo, kisha magurudumu yanyooshwe upya yasile tairi upande mmoja. Bado hujagusa chasisi. Kwa gharama hiyo utanunua gari jingine."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

Injinia alitazama mbinguni, akashusha pumzi ya mtu anayeonewa na huruma yake mwenyewe. "Basi nitalichukua mimi. Kwa bei ya chuma chakavu, nikalichinje spea. Najua nitapata hasara, lakini wewe ni mama yangu."

Walivutana bei kidogo, na bibi alilegea upesi mno hata Injinia akamwonea haya, haya ya dakika moja. Kilichomtia wasiwasi ni wajukuu. Bibi wa namna hii hakosi mjukuu mwenye kelele, na mjukuu huyo angeweza kuja kesho kudai bei ya gari zima. Injinia akaomba karatasi dukani, akayaandika maradhi yote moja baada ya jingine kwa mwandiko wake mzuri, na chini akamalizia: *Mnunuzi ameyaona haya yote kwa macho yake, ameyathibitisha kwa utaalamu wake, na amelichukua gari kama lilivyo.* Wakatia saini, mwenye duka la matairi akiwa shahidi. Kulipa, Injinia alitoa akiba yake yote pamoja na fedha za friji aliyokwenda mbio kuiuza mchana uleule.

"Nifikishie magunia yangu tu," bibi alisema, akiikunja nakala yake. "Mgongo wangu siku hizi si wangu."

Alimfikisha kwa furaha. Njia nzima gari lilitulia, halikuyumba wala kugonga, na Injinia aliimba. Kwenye bustani ya miche akaanza kushusha. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne ndipo alipoona kwamba magunia yote yalikuwa yamepangwa upande wa kulia. Alipoliweka chini la saba, gari liliguna, likapanda kulia, na kushoto likabaki limeketi palepale.

"Mama! Gari limelala upande!"

"Enhe," bibi alisema, akimwagilia miche yake. "Kushoto. Si ulisema?"

Injinia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, alipiga magoti akachungulia chini ya gari. Chasisi ilikuwa na mshono wa kuchomelewa wenye upana wa vidole vitatu. Shokapu zilidondosha mafuta. Springi ya kushoto ilikuwa vipande viwili. Bushi hazikuwapo hata za kusingiziwa kwamba zimelika. Akaingiza mkono nyuma ya tairi, kidole kikazama kwenye ufa. Uongo wake wote ulikuwa kweli, tena kwa mpangilio uleule alioutaja.

"Ulijua!" akapiga kelele.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha magari yaliyopinduka. Hili lilimshinda, Mungu amrehemu. Ulipoanza kutaja nilishtuka, nikasema leo nimekutana na mwenye macho. Kisha nikaona hukuinama hata mara moja, moyo ukatulia."

"Mama, huu ni wizi."

Bibi aliweka chini kopo la maji. "Sikiliza, baba. Wiki tatu nimezunguka mitaa ya spea nikiuliza habari ya kuinua gari. Vijana wawili waliniambia, mama, shusha hayo magunia, gari litapanda lenyewe. Niliwashukuru nikaenda zangu. Watu wa namna hiyo siwauzii gari bovu. Nilikuwa namtafuta ambaye hataniambia."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Karatasi yako usiisahau, mwandiko wako mzuri sana."

Bibi alimwonea huruma, akamsindikiza hadi mlangoni mwa gari akimshauri kwa upole. "Ukija kulitengeneza, usizidishe inchi mbili. Gari lililoinuliwa sana hulegea kwenye kona. Na usichukue matairi mapana mno, yatasugua madigadi. Safari njema, mwanangu."

Mwerevu hajinyoi, na huyu wetu alijaribu, akajikata.

Jumamosi asubuhi Injinia aliendesha hadi kwa mchumba wake kwa mwendo wa bibi harusi. Gari liliinama kushoto na kwenda upande upande, kila shimo likigonga chuma kwa chuma, watoto wakilisindikiza kwa miguu na kulipita. Baba mkwe mtarajiwa, dereva mstaafu wa malori ambaye mtaa ulimwita Mzee Breki, alikuwa uani na kikombe cha chai. Alikiweka kikombe ukutani, akalala chini chali na fulana yake, akaingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu.

Injinia alipanga maneno. Aligongwa na lori. Fundi alimharibia. Alimkopesha rafiki asiye na shukrani. Yote yalikuwa mazuri, yenye miguu ya kusimama. Kisha akamwona mchumba wake mlangoni, futi ya kushonea shingoni, anamtazama, na maneno yote yakamkauka.

"Nimeingizwa mjini, baba," alisema, akiliambia lile gari. "Nimelinunua Jumatano. Sijawahi kuwa na gari. Wala mimi si injinia."

Halafu chini ya gari kikatoka kicheko, kikubwa, cha kukohoa, hadi vumbi likatimka.

"Mwaka mzima binti yangu ananisimulia maneno yako," Mzee Breki alisema akijitoa uvunguni, "nami namwambia huyo ni redio. Leo redio imetangaza ukweli!"

Mchumba hakucheka. "Umelinunua kwa fedha gani?"

"Kwa akiba yangu. Na friji."

"Mwaka mzima nilijua gari halipo," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama utakuja." Akashuka ngazi, akamfuta vumbi begani kwa kiganja.

"Litanyooka," Mzee Breki alikata shauri. "Taratibu. Nitakufundisha mwenyewe, na utalala chini mpaka ovaroli hiyo ijue kazi. Bahati yako nina shokapu nne, mpya kabisa, nilikuwa nimezificha. Mtu mwingine simwuzii. Lakini wewe, bei ya mkwe."

Injinia alilisikia neno *mkwe*, mengine hakuyasikia vizuri. Alipokea shokapu moja kwenye boksi lake. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ilinuka rangi. Akaipitishia kidole gumba, kidole kikatoka cheusi, na palepale alipokipitisha pakachungulia kutu. Kazi ile aliijua. Shokapu za namna ile alikwisha kuwauzia watu nyingi tu. Aliinua macho. Mzee Breki alimkazia uso mkavu wa hakimu. Mchumba aling'ata mdomo akatazama juu ya paa.

Injinia alikificha kidole gumba mfukoni.

"Mali safi, baba. Fedha taslimu zimekwisha, ila nina hii." Akavua saa yake ya mkononi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Dhahabu?" Mzee Breki aliuliza, akiipima uzito kwenye kiganja.

"Dhahabu tupu, baba."

Mzee Breki aliutazama mkono wa Injinia, mahali saa ilipotoka, ambapo ngozi ilikuwa imebaki na duara la kijani kibichi kama la shaba. Alilitazama duara lile vizuri. Kisha akaivaa saa, akaifunga mkanda.

"Ingia ndani, mwanangu," alisema. "Chai itapoa."