Jibu Lililovunja Kibanda

Chai ilikuwa bado inaunguza midomo simu zetu zote zilipolia kwa mpigo. Imeili ya mtaa. Ukiandika moja inamfikia kila mkaazi, ila lazima ipite kwanza kwa Itifaki, karani mkuu mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata kuja kukaa na sisi kwenye benchi. Yeye ndiye anayebonyeza "ruhusu".

Bomba, fundi wetu wa mabomba, akasoma kwa sauti: "Naunga mkono. Kibanda hicho kivunjwe leo leo. Kinanuka hadi sebuleni kwangu."

"Kibanda kipi?" akauliza Bi Kikombe, muuza chai.

Tukageuka taratibu kumtazama Gundi, fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa nyuma yake, kimeegemea ukuta kama mlevi, kinatoa harufu ya gundi na soksi za watu.

"Mnaniangalia nini?" Gundi akasema, sindano mkononi. "Kaandika nani?"

"Bi Mkubwa wa ghorofani."

"Anaunga mkono nini? Nani kauliza?"

"Swali halijafika," Bomba akasema. "Limefika jibu."

"Jibu litangulie swali? Mtoto azaliwe kabla ya mama yake?"

Bomba akajipangusa mikono. Akifanya hivyo, ujue tunafundishwa.

"Sikilizeni, jamani. Imeili inapita kwenye bomba. Swali ni zito, limejaa salamu na maelezo, linakwama kwenye kona. Jibu ni jepesi, linateleza tu. Kukiwa na hewa ndani ndiyo kabisa, zinatoka kinyumenyume."

"Uongo mtupu!" Bi Kikombe akamkata. "Imeili ni mbea. Inapita nyumba hadi nyumba, na yenye habari tamu inakaribishwa ndani, inawekewa kiti. Ndiyo maana inachelewa."

"Kwa hiyo ya kunivunjia mimi haina utamu?" Gundi akauliza.

Itifaki alikunywa chai yake kimya, kidole kidogo kimenyooka. Akaitazama simu yake, akabonyeza. Zetu zikalia tena. Mkunga mstaafu: "Kweli kabisa. Mbao zake ziwe kuni." Kabla hatujavuta pumzi, muuza vitambaa naye: "Mimi nina shoka."

Gundi akaweka sindano chini. "Mkunga! Juzi tu nimemtia soli mpya! Kibanda hiki kimesomesha wanangu. Nikamwambie nini mama watoto? Kwamba kuanzia kesho nashona viatu chumbani kwake?"

Nilimwonea huruma kwa kweli. Nikamwambia, "Kaka, si uwaandikie uwaulize?"

"Niwabembeleze watu wanaotaka kuni? Thubutu! Kuliko kuvunjiwa kwa shoka la mtu, navunja mwenyewe, mbao zangu zibaki nzima!"

Basi tukamsaidia, marafiki wa dhati. Mimi nilishika paa, Bomba aking'oa misumari. Itifaki alivua koti, tai akabaki nayo. Bi Kikombe alikuwa analia huku anatuongezea sukari.

Ubao wa mwisho ulipolazwa chini, Itifaki akajifuta jasho, akavaa miwani, akatoa simu. "Haya. Sasa zamu ya vijana."

Akabonyeza. Simu zikalia. Safari hii alikuwa Nesi, binti wa nyumba ya mwisho: "Shikamooni wazee wetu. Kile kibanda cha taka pale kona kimeoza. Mnaonaje tukivunje? Na cha Fundi Gundi naomba tukipake rangi, kimechakaa."

Gundi akazitazama mbao zake pale chini.

"Itifaki," Gundi akasema polepole, "hii kaandika lini?"

"Juzi."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Wazee wanaokaa pale kona, Bi Mkubwa na wenzake, aliwatumia moja kwa moja, na nakala ya mtaa mzima ikaja kwangu. Sasa binti mdogo atangulie kusema mbele ya Bi Mkubwa? Tumelelewa porini? Mimi huziruhusu kwa umri."

"Na wewe hukuisoma?"

"Kusoma ya mdogo kabla ya zamu yake ni umbea. Mimi natazama jina tu." Akainua kidole. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi nimelisikia la mkuu," Gundi akasema, "nimevunjika kibanda!"

Bomba akageuka pembeni, akaandika, akatuonyesha mimi na Gundi kwa siri: "Napendekeza Itifaki aondolewe kwenye kazi ya kuruhusu imeili. Mnaonaje?" Akaituma. Gundi hakungoja. Kwa dole gumba lililojaa gundi akaandika yake: "Naunga mkono. Aondolewe leo leo."

Simu ya Itifaki ikalia mara mbili. Akasogeza miwani.

"Bomba... huyu mdogo, asubiri. Gundi, wewe kaka yangu kabisa, pita."

Akabonyeza.

Mtaa mzima ukalia. Dirisha likafunguliwa, jingine likafungwa. Muuza vitambaa akavuta mlango wake na kuubana kwa ndani. Bi Mkubwa akajibu papo hapo, Itifaki akampitisha: "Hata mimi nimemchoka."

Bi Kikombe aliposoma akaanza kukusanya vikombe, chai zetu zikiwa bado ndani. "Wananisema mimi. Ni ile sukari ninayowapunja. Nilijua tu ipo siku."

"Bi Kikombe, ngoja..."

"Nisingoje! Nirudi nyumbani nikiwa na birika langu, wasije wakalikata kwa shoka!" Akaondoka mbio mbio, kitambaa kinamwanguka begani.

Itifaki akamtazama akiishia, akatikisa kichwa, akaikaza tai.

"Sijui ni nani masikini ya Mungu," akasema. "Lakini wakubwa wameshasema."

Na yeye akaunga mkono.

Gundi akaokota nyundo na misumari. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anacheka.

"Mzee Itifaki," akasema, "hebu nishikie ubao huu."