Sura Rasmi ya Bwana Gunia

Shafi hakuwa na kazi inayotajika mbele ya watu, hakuwa na mwavuli, hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto, hakuwa na kiti ambacho mgeni angeweza kukikalia bila kuonywa kwanza, na tangu mvua za masika hakuwa na mke. Ukiondoa lile jino, upungufu wote huo ulitokana na kitu kimoja: hakuwa na paa. Nyumba yake, nyuma ya msikiti mmoja mjini Kitale, ilikuwa na kuta nzuri za matofali, madirisha mawili na mlango katikati. Juu yake palikuwa na mbingu.

Hibo, mkewe, aliivumilia mbingu hiyo chini ya turubai. Siku upepo ulipolichukua turubai, alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake, Bungoma.

"Nikisikia una mabati, nitarudi," alimwambia. "Nikisikia una mpango, sirudi."

Kwa bahati mbaya, Shafi alikuwa na mpango siku zote.

Mpango huu ulimjia soko la Chwele, alikokuwa akiuza sumu ya panya, sumu ambayo panya wa huko walikuwa wameizoea hata wakanenepa. Mbele yake, mama mmoja muuza vitunguu aliyeitwa Nakhumicha alikuwa akibishana na mzee Wakoli, mkulima wa tumbaku kutoka Malakisi. Walibishana juu ya Bwana Gunia, yule tajiri wa nafaka katika mchezo wa redio, ambaye sauti yake ni kama ya lori linalopanda mlima, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

"Gunia ako na masharubu," alisema Wakoli. "Sauti kama ile haiwezi toka kwa mdomo uchi."

"Hayo masharubu ni yako, mzee. Gunia ni mtu wa kofia. Si unasikia vile anaongea, kama mtu ako chini ya kitu?"

Hawa hawakuwa wasikilizaji hivihivi. Kila mmoja alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha salamu za redio, na kikundi cha salamu kina katibu, mweka hazina na katiba. Mtu anaweza kufukuzwa humo kwa kusahau kumsalimu mwenzake hewani. Shafi aliwatazama akasahau sumu yake. Watu wenye katiba, aliwaza, hawahitaji kudanganywa. Wanahitaji kupewa kanuni.

Jumamosi iliyofuata alipiga simu kwenye kipindi cha salamu, akajitambulisha kuwa Katibu wa Kamati ya Sura Rasmi. Alisema Bwana Gunia anatengenezewa katuni, na uso wake utaamuliwa na mashabiki wenyewe kwa kushindana kuunda sanamu. Mtangazaji, aliyefurahi kumpata mtu asiyekohoa kwenye simu, alimwacha asome kanuni zote.

Kanuni ya kwanza: kila kikundi kilete sanamu moja yenye kimo cha mtu mzima au zaidi. Ya pili: sanamu iundwe kwa mabati mapya, kwa kuwa kamera hupenda kitu kinachong'aa. Ya tatu: mabati yasikatwe, yasikunjwe wala yasitobolewe, kwa heshima ya Bwana Gunia. Ya nne: sanamu ziletwe kwenye kiwanja cha kamati, Kitale, na hazitarudishwa. Ya tano: mshindi atakuwa Mlinzi wa Sura Rasmi popote itakaposimama, na neno lake juu yake ni la mwisho.

Hiyo ya tatu inastahili kusomwa mara mbili. Bati lisilokatwa, lisilokunjwa wala kutobolewa ni bati la kuezekea nyumba. Ile ya tano aliiweka kama pambo tu, kama vile mtu anavyoweka maua mezani.

Wakoli alipiga simu papo hapo. "Katibu, sasa mtu atatoa pua aje bila kukunja?"

"Hapo ndipo tutajua nani ana kipaji, mzee wangu."

Siku ya mashindano mabati yalifika kwa pikapu na bodaboda kwenye kiwanja cha kamati, yaani uani kwa Shafi. Shafi alivaa tai, akafunga mikono nyuma, akatembea polepole kama daktari wa ng'ombe. Kikundi cha Malakisi kilikuwa kimeegemeza bati moja kwenye mti.

"Huyu ni Bwana Gunia?" aliuliza Shafi.

"Ni yeye, amepeana mgongo," alisema Wakoli.

"Na uso?"

"Uso uko upande ile ingine."

Shafi alizunguka. Aliona bati. "Mzee, huku pia ni mgongo."

"Basi amegeuka, Katibu. Gunia ni mtu wa haraka."

Shafi aliinamisha kichwa kwa heshima, na moyoni akalihesabia bati hilo upande wa jikoni wa paa lake.

Kikundi cha Chwele kilifika mwisho. Nakhumicha hakuegemeza chochote mahali. Alisimama mbele ya zile kuta, akazitazama, kisha akauliza kama kuna kanuni inayokataza kuta. Haikuwapo. Basi akina mama walipanda, wakayalaza mabati juu ya nyumba ya Shafi, wakayafunga kwa kamba na kuyakandamiza kwa mawe, bila msumari hata mmoja. Kisha wote wakarudi nyuma.

Madirisha mawili yalikuwa macho. Mlango ulikuwa mdomo. Paa lilikuwa kofia, tena kofia ya tajiri, iliyoshuka kidogo kwenye paji la uso.

Wakoli alivua kofia yake mwenyewe. "Ndiye," alisema kwa uchungu. "Na hana masharubu."

Mtangazaji, aliyekuja na simu yake, alikuwa tayari akirusha habari hewani. Shafi aliona paa limekwisha kuezekwa bila yeye kushika nyundo, akatangaza mshindi kabla mtu hajaomba kutoa hoja.

"Mwenyekiti Nakhumicha, njoo nikupe mkono."

"Mkono peana kwa memba wetu mpya. Ni yeye alichora hii kitu, ni yeye mshindi."

Hibo alishuka kwenye pikapu akiwa amebeba godoro.

"Hibo," alisema Shafi.

"Mlinzi," Hibo alimsahihisha.

"Ulijua ni mimi?"

"Shafi, Kenya hii yote, nani mwingine anaweza kataza watu kutoboa mabati?"

"Lakini ulisema nikipata mabati utarudi."

"Si nimerudi. Ni wewe hujafika."

Shafi alielekea mlangoni. Hibo aliweka godoro katikati ya njia. "Huo ni mdomo wa Bwana Gunia. Hauingiwi bila ruhusa ya mlinzi."

"Katibu, fuata kanuni, bana," alisema Wakoli, na umati ukaguna kumuunga mkono.

Shafi alitupa macho kwenye yale mabati mengine, ambayo kwa kanuni ya nne hayarudishwi. Hibo aliyaona macho hayo. "Sura rasmi ni moja," aliwatangazia watu. "Hizi zingine ni uzushi. Kila mtu abebe uzushi wake arudi nao nyumbani." Walimpigia makofi na kubeba.

Hapo Shafi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu: alisema kweli. "Ndugu zangu, kamati haipo. Haijawahi kuwapo."

Watu walicheka. "Kamati zote husema hivyo zikishindwa," alisema Nakhumicha.

Sasa Shafi hulala kwenye gereji ya rafiki yake Naim, fundi wa tuk-tuk, kati ya magurudumu. Jumapili mashabiki huja kutoka Chwele na Malakisi kumtazama Bwana Gunia, nao humletea mlinzi vitunguu na kuku. Jumapili moja Shafi naye alipanga foleni. Zamu yake ilipofika alichungulia kwenye jicho la kushoto, akaona kitanda kikavu chenye mito miwili.

Jioni hiyo aliandika barua.

*Kwa Mlinzi wa Sura Rasmi. MINTARAFU: OMBI LA KUMEZWA. Mimi niliyetajwa hapo chini naomba kuingia kwenye mdomo huo. Sina mpango. Mawe ya upande wa jikoni yamesogea, nimeyaona nikiwa barabarani. Upepo ukija, bati la pembeni litanyanyuka na maji yataanguka upande wako wa kitanda. Nitapanda kuyarudisha, hata nisiporuhusiwa kushukia ndani. Shafi.*

Naim aliisoma juu ya bega lake. "Mbona hujaweka uongo?"

"Karatasi ilikuwa ndogo."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo aliifunga kwa ugali uliobaki, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akamwita Tonny wa bodaboda.

"Si ni hapo tu nyuma ya msikiti?" alisema Tonny. "Peleka mwenyewe."

"Barua rasmi haipelekwi na mwenyewe," alisema Shafi, akamtia bahasha kwenye mfuko wa koti, akaufunga zipu, na kuisukuma pikipiki mpaka ikawaka.