Kusudi la Kiti Chenye Mikono

Jumatatu, 23 Februari 2026

Mafundisho ya Kwaresima kigangoni. Padri Sirili ameuliza: binadamu yupo duniani kwa ajili ya nini? Anasema Wayunani wa kale waliumiza sana vichwa hapo. Mmoja wao aliona kila kitu kina kazi yake, na ubora wake ni kuifanya vizuri. Kisu kikate. Mbuni uzae kahawa. Na mtu je? Wenzangu wakainamisha vichwa kufikiri. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Mimi, Leodegar, nipo duniani niwe mwenyekiti wa jumuiya yetu.

Uchaguzi ni Jumamosi. Mama Dafroza, mwenyekiti wa sasa, anapumzika. Jumuiya ina kiti kimoja tu chenye mikono, hubebwa nyumba hadi nyumba tunaposali ili akikalie mwenyekiti. Wengine hukalia mabenchi. Nina miaka hamsini na moja na sijawahi kuegemeza kiwiko mbele za watu. Inaniuma, sifichi. Mpinzani ni jirani yangu Kastori, ambaye sifa yake pekee ni kwamba watu wanampenda.

Jumanne, 24 Februari

Leo zamu ya Wastoa, Wayunani wengine. Walifundisha kwamba mtu asitawaliwe na yasiyo katika uwezo wake: mali, sifa, cheo. Atulie. Nikaiona njia palepale. Asiyetaka cheo ndiye anayepewa! Wakati wa kutoka nilisimama mlangoni nikatangaza kwa sauti kwamba sitaki kitu chochote duniani. Ilibidi nirudie, wengine walikuwa wanatafuta miavuli.

Jumatano, 25 Februari

Mbuzi wa Kastori amekata kamba na kula maharage yangu. Yote! Kastori akaja mbio kuomba radhi, majirani nyuma yake. Nafasi ndiyo hiyo. Nikatabasamu, nikamwambia maharage hayakuwa yangu, yalikuwa ya ulimwengu. Taya linauma hadi sasa. Kastori alishukuru sana. Mchana mbuzi alirudi kumalizia kabichi za ulimwengu.

Alhamisi, 26 Februari

Padri anasema Wakristo wa kwanza waliokota mengi kwa Wayunani, ila wakaongeza kwamba mwisho wa mtu ni kumfikia Mungu, na njia ni kupenda. Baadhi waliacha vyote wakahamia jangwani. Sehemu ya kupenda ilinipita kidogo. Jangwa nimelishika vizuri.

Huku kwetu Kibosho jangwa hakuna. Nimehamia kwenye banda la kahawa, nyuma ya migomba. Kwanza nilishuka mjini, Majengo, kununua makatambuga, viatu vya matairi, maana mtawa havai raba. Fundi aliuliza kama naenda kuchunga.

Ijumaa, 27 Februari

Mfungo mkali. Mke wangu Mektrida kapika mtori wa ndizi. Hata bila nyama unanukia hadi mferejini. Nimevumilia mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mgomba na bakuli langu, mara Mama Dafroza huyo, amekuja kumwona mtawa. Nikamwamkia shikamoo mdomo umejaa. Nikaeleza kwamba nakitazama kishawishi usoni. Akauliza mbona kimebaki nusu bakuli.

Jumamosi, 28 Februari

Siku yenyewe. Jina la Kastori likatajwa. Mama Dafroza akauliza kama kuna jingine. Mektrida akasimama! Nikavaa uso wa mshangao niliofanyia mazoezi kwenye kioo. Akasema mume wake amebadilika, ameachana kabisa na mambo ya vyeo, na hajapata kumwona na amani kiasi hiki tangu waoane. Akaomba watu wasimharibie. Kisha akalia. Kwa furaha! Makofi yakapigwa.

Nilipiga makofi na mimi.

Kastori kapita bila kupingwa. Tendo lake la kwanza: kutangaza kwamba kazi ya kubeba kiti inafaa mtu mnyenyekevu. Wote wakanigeukia.

Jumanne, 3 Machi

Nimekibeba kiti kutoka kwa Mama Dafroza hadi kwa mwenzetu Elisifa, juu kabisa, ambako tutasali Jumamosi. Mlima wote kichwani. Kwenye mfereji nikapumzika. Hapakuwa na mtu. Nikakikalia.

Viwiko vilipata mahali pao. Nilikaa nikiwapungia migomba mkono, nikafungua kikao, nikamnyima Kastori nafasi ya kuzungumza. Nilikuwa na furaha kweli. Ndipo nikasikia mguu mmoja wa nyuma unacheza. Skrubu imelegea.

Nilitoa kisu. Kusudi la kisu ni kukata, lakini hata skrubu kinafungua. Nimelegeza na ya mguu wa pili. Picha ya Kastori akianguka chali katikati ya sala ilinisindikiza hadi kwa Elisifa. Mzigo ukawa mwepesi.

Ijumaa, 6 Machi

Kastori amekuja nyumbani na mkungu wa ndizi, fidia ya maharage. Akasema Padri Sirili atakuwepo kesho na amesikia habari zangu. Anataka niwashuhudie wenzangu jinsi mtu anavyoishi bila kutamani kitu. Na kwa heshima hiyo, Kastori mwenyewe atakaa benchi. Kiti chenye mikono nikikalie mimi. Mektrida ameshaanza kunipigia pasi shati.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nitakaa taratibu.