Malalamiko Dhidi ya Ukumbi Usio na Kasoro

Kwa Meneja wa Ukumbi,
Jengo lenye paa jekundu, nyuma ya ghala la magodoro.

Ndugu Meneja,

KUH: UKUMBI WAKO KUKOSA KASORO HATA YA KUSINGIZIA

Natumaini barua hii imekukuta mzima na umekaa. Kama hujakaa, tafadhali vuta kiti chochote kati ya vile vya ukumbini. Vyote, kwa bahati mbaya, vina miguu iliyolingana.

Mimi ni fundi milango. Ninayetaka kumuoa ni fundi mapazia. Bila shaka unanikumbuka: ni mimi niliyekuwa nikifungua na kufunga mlango wako mkubwa Jumamosi iliyopita, mpaka msimamizi wako akaniuliza kwa upole kama nimefungiwa ndani au nimefungiwa nje. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa na utepe wa kupimia shingoni. Yule mzee aliyelala ni mjomba wake. Tulikuja kuangalia kama ukumbi wako unafaa kwa harusi yetu. Unafaa, na ndiyo maana nakuandikia nikiwa na uchungu.

Ili usinione mkorofi, nikueleze tulikotoka. Kwa muda mrefu sasa, kila Jumamosi mimi na mchumba wangu tunatafuta ukumbi, na kila Jumamosi tunarudi mikono mitupu tukiwa na furaha isiyo na kifani. Tumeona ukumbi wenye nguzo katikati ya jukwaa, nene kiasi kwamba ndugu zangu wangeniona nikifunga ndoa na nguzo, na ndugu zake wangemwona yeye ameachwa peke yake siku ya harusi. Tumeona mwingine wenye milango miwili, yote miwili imeandikwa KUTOKA. Nilimuuliza mwenyewe wageni wataingilia wapi, akasema wageni huwa wanajua. Tumeona mwingine uliopakana na chuo cha udereva, na kila mara mwenye ukumbi alipofungua kinywa kutusifia utulivu wa mahali pale, lori la wanafunzi lilirudi nyuma likipiga king'ora. Siku hiyo mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, na mimi nikakaa pembeni yake, na watu wakatuuliza kama tumegongwa.

Wenzako hao wanajua kazi yao. Kwako niliingia kwa bahati mbaya. Niliitwa kurekebisha mlango wa ghala la magodoro, nikakosea geti, nikajikuta ndani ya ukumbi wako na sanduku la vifaa mkononi. Niliporudi nikamsimulia mchumba wangu. Akasema huko hakuna haja ya kwenda. Nami, kwa ukaidi wangu, nikamwambia ukumbi haukataliwi kwa mbali, lazima uukatae ukiwa ndani yake. Matokeo yake ndiyo malalamiko yafuatayo.

1. Mlango mkubwa haulii. Nimefanya kazi ya milango tangu sijaota ndevu, na sijawahi kukutana na mlango wa ukumbi usiolia. Kulia ni wajibu wake, ili wageni waliochelewa waone aibu. Wako ulifunguka kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nikaunyanyua kwa bega kuona kama umelegea; haukulegea. Nikapitisha kidole kwenye bawaba, kikatoka na mafuta mapya yaliyotiwa na mtu mwenye akili zake. Nikachutama kuchungulia chini, nikitumaini kuona walau uwazi wa kupitisha panya. Hata sisimizi angelazimika kubisha hodi. Mchumba wangu akaniuliza nimeona nini huko chini, nikamjibu bado naangalia. Nilibaki nimechutama mpaka goti likafa ganzi, kwa sababu sikuwa na la kusema, na sijazoea kusimama mbele yake nikiwa sina la kusema.

2. Mapazia. Hapa naomba uelewe kwamba mchumba wangu si mtu wa kuridhishwa na pazia. Katika kumbi nyingine alikuwa akianza kusema kabla hajafika dirishani: hili limekatwa na mtu aliyekuwa anawahi basi, hili ni shuka lililopandishwa cheo. Nimemwona akigombana na pazia la wodini akiwa amelazwa, na muuguzi akimsihi apumzike. Kwako alilishika pazia, akaligeuza, akaangalia mshono wa nyuma, bitana na pindo. Kisha akalirudisha mahali pake na kulinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama anavyonyooshwa kola mtoto anayekwenda shule. Nikasubiri. Akasema tu twende tukaone jiko. Ukimya ule ulinitia baridi mwilini, na nakulaumu wewe.

3. Mjomba. Tulishahisi mambo yanaweza kwenda kombo, yaani vizuri, ndiyo maana tulikuja naye. Jina lake la utani ni Mjomba Hapana, na hilo jina ndilo kitu pekee ambacho hajawahi kukilalamikia. Ni mtu aliyeikataa sherehe yake mwenyewe ya kustaafu katikati ya hotuba. Niliwahi kumsikia akiilalamikia mvua kwamba inanyesha kwa kuegemea upande mmoja. Mzee huyu alichukua kiti chako, akakiweka mbele ya ule mlango mdogo wa pembeni, karibu na dirisha la mwisho, akaegemeza kichwa mlangoni na kulala fofofo. Alipoamka alijifuta mdomo, akatazama huku na huku, akatamka, "Hapa pazuri." Mama yake mchumba wangu alipopigiwa simu kuelezwa, aliuliza tumempeleka hospitali gani. Naomba pia iandikwe kwamba kwa sababu ya kiti chako kuwa laini kupita kiasi, ule mlango mdogo sikuweza kuukagua. Ndio mlango pekee katika jengo zima ambao sikuufungua.

4. Vyoo vina maji. Sina la kuongeza.

5. Tarehe. Kumbi zote zenye heshima zao huwa zimejaa, na mara nyingi tarehe ndiyo imekuwa kimbilio letu. Msimamizi wako aliponiuliza tunataka siku gani, nikamtajia siku ya kubuni palepale. Akasema iko wazi. Nikasema samahani, nimekosea, ni wiki inayofuata. Nayo iko wazi. Nikamtajia Jumanne asubuhi, siku ambayo hata wenye harusi wenyewe hawaji. Akasema Jumanne ni nzuri, hakuna foleni barabarani. Maji yaliponifika shingoni nikamuuliza kama kuna siku yoyote katika mwaka ambayo hamtaki kutuona. Akacheka, akatushika mikono wote wawili na kusema, "Karibuni siku yoyote." Sijawahi kuambiwa maneno makali kama hayo.

6. Hili nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena. Mimi si msemaji. Nikiwa na mlango naweza kusema mpaka jioni. Nikiwa na mtu, hasa huyu mtu, ulimi unaganda. Mimi naye tulikutana kwa daktari wa meno, si kwa kuumwa bali kwa kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza kuweka mlango wa chumba cha matibabu, yeye amemaliza kutundika pazia. Mlango ulipofunguliwa ukalikamata pazia na kulichana. Akasema mlango wenye busara hufungukia nje. Nikasema pazia si zulia, halipaswi kutambaa. Tukabishana mpaka daktari akatutoa, tukaendelea kubishana barabarani, tukaingia mahali kunywa chai ili tubishane vizuri, na mpaka leo hatujafikia mwafaka. Ni mambo matamu kuliko yote yaliyowahi kunipata.

Tangu tumechumbiana, hizi Jumamosi za kutafuta ukumbi ndizo zimekuwa mazungumzo yetu. Yeye anashambulia madirisha, mimi nashambulia milango, njiani tunagombania nani ameona kasoro kubwa zaidi. Sasa mtazame kaka yangu. Kabla ya kuoa, yeye na shemeji walikuwa wakiongea simu mpaka masikio yanapata moto. Siku hizi nikiwatembelea, nasikia shemeji akisema gesi imeisha, kaka anasema ataleta. Siku nyingine kaka anauliza kama gesi ipo, shemeji anasema ipo. Ndiyo maongezi yote. Hawajakosana, Ndugu Meneja, ni watu wanaopendana. Wamemaliza tu ya kusema.

Ukumbi ukipatikana, utafutaji umekwisha. Utafutaji ukiisha, tutaoana. Hilo nalitaka kuliko kitu chochote, usinielewe vibaya. Lakini Jumamosi itakayofuata tutaamka, tutakaa kwenye viti viwili, tutatazamana, naye atagundua kwamba ameolewa na mtu asiyejua kuzungumza chochote zaidi ya bawaba. Hilo ndilo linaloniogopesha, nami nimekosa mtu wa kumwambia, ndiyo maana nakwambia wewe, ambaye ndiye chanzo.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi, siku ambayo mchumba wangu anataka turudi kutoa jibu:

Kwanza, bawaba ya juu ya mlango mkubwa ilegezwe. Nusu mzunguko wa bisibisi unatosha, sitaki watu waumie. Pili, pazia moja tu, la upande wa jua, lipandishwe mpaka lionekane kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mchumba wangu akiliona hilo nina hakika atapata nguvu ya kusema. Tatu, msimamizi wako mwenye adabu apewe likizo, na mahali pake awekwe mtu wa kutuuliza tunataka nini hapa. Nne, yakishindikana hayo yote, naomba ukumbi ujengewe nguzo. Katikati ya jukwaa. Vipimo ninavyo, nilivichukua katika ule ukumbi wa kwanza kwa ajili ya kumbukumbu, na saruji nitachangia.

Usione kama nakuonea. Mlango usio na kasoro unamnyima fundi riziki, na ukumbi usio na kasoro unamnyima mtu kama mimi maneno. Najua umefanya bidii. Ningekuomba tu siku nyingine uwe unafikiria na wengine.

Nisalimie msimamizi, hata kama ndiye aliyeniumiza zaidi. Msalimie mlinzi wa getini aliyetufungulia akitabasamu bila kuulizwa. Msalimie aliyetia mafuta bawaba zile. Mwambie fundi mwenzake amemwona na hana ubaya naye. Wasalimie jirani zako wa magodoro, na uwaambie mlango wao nitaumalizia, sijawasahau. Na yeyote aliyeshona mapazia yale, popote alipo, mpe salamu zangu, ila asinitafute.

Ni mimi niliyekosa pa kushika,

Fundi Milango,
Bwana harusi mtarajiwa (kama ombi langu halitakubaliwa).

Tanbihi: Nilikuwa nimeiacha barua hii juu ya meza ya randa nikienda kutafuta bahasha. Niliporudi nikamkuta mchumba wangu amekaa nayo chini kwenye maranda, anaisoma, pini bado ziko mdomoni. Nilitaka kukimbia, lakini mlango wa karakana yangu unakwama. Alipofika kwenye salamu za aliyeshona mapazia akazitoa zile pini moja moja, akaniambia salamu amezipokea.

Ni yeye. Aliyashona yote kabla hajanifahamu. Ukumbi wako aliujua tangu kabla ya Jumamosi yetu ya kwanza, akijua hauna wa kufanana nao, na kila Jumamosi amekuwa akinipitisha njia nyingine ili nisiuone. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni kwa sababu ile ile, mpumbavu mimi, kwani nilidhani na yeye ana mazungumzo gani zaidi ya pindo? Kisha akaniuliza kama nyumba tutakayohamia haitakuwa na milango wala madirisha.

Basi, naomba yote niliyoandika hapo juu usiyasome. Bawaba usiiguse, nguzo usijenge, msimamizi arudishwe kutoka likizoni kama ameshaondoka. Utuandikie hiyo siku ya kwanza niliyoibuni, ni nzuri.

Ila kuna jambo moja. Mchumba wangu anasema ule mlango mdogo wa pembeni, aliokuwa ameulalia mjomba, ukifunguliwa hulikamata pazia la dirisha la mwisho. Anasema kosa ni la mlango. Mimi nasema pazia ni refu. Tunakuja Jumamosi. Tafadhali mtu yeyote asirekebishe kitu.