Kanuni Arobaini na Moja za Kumwangusha Adui Bila Kumuua

Jumapili, 2 Juni 1996. Kahama.

Nimeua tena. Huyu ni wa kumi na moja! Nilikusudia kwa moyo wote nimguse tu begani kwa bapa la upanga, aangushe upinde wake. Dadu ikatoa kumi na tisa, pigo la mauti. Riyaz akatangaza, kwa sauti ya karani wa mahakama, kwamba marehemu alikuwa na wake wawili.

Niandike kwa utaratibu, ili vizazi vijavyo vielewe. Mchezo wenyewe ni wa mezani. Riyaz, ambaye baba yake anauza saruji na mabati hapa mjini, aliuleta kutoka ng'ambo alikosoma: vitabu vitatu, na dadu zenye nyuso nne hadi ishirini. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa katika karatasi. Riyaz ndiye msimulizi, yaani yeye ni mvua, majambazi na mfalme. Bhumika wa duka la dawa ana mganga. Nkwabi, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wa Bugarama, ana mwizi. Mimi, Sostenes, mhitimu wa Chuo Kikuu (Falsafa, daraja la pili la juu, ingawa lilistahili kuwa la kwanza), nina Jemadari Lubango. Nimemlea miezi kumi na moja. Ana farasi, makovu na msimamo.

Sasa mfalme ametoa onyo la mwisho. Jumamosi ijayo Lubango amlete Kazwile, mkuu wa majambazi, akiwa hai. Akileta maiti nyingine, atanyongwa yeye. Karatasi yake itachanwa mbele ya wote, ndiyo desturi yetu. Miezi kumi na moja!

Kosa si langu. Vitabu vya Riyaz havijui pigo lisiloua. Hiyo ni kasoro ya kifalsafa. Nitaisahihisha.

Jumatatu, 3 Juni.

Nimeandika tangu alfajiri. Kanuni ishirini na sita. Majeraha nimeyagawa mafungu mawili: ya maumivu na ya mauti. Ngumi, mpini, bapa na kiwiko vina majedwali yake. Ninajivunia hasa Kifungu cha 9: apigwaye kisogoni kwa mpini wa upanga atazimia kwa muda wa kusonga ugali, isipokuwa amevaa kofia.

Mama Mariana, mwenye nyumba, aliuliza kama ninaandika barua ya kuomba kazi. Nikamjibu kwamba hili ni zito kuliko kazi. Akasema basi nimpishe hapo mezani, anataka kuchagua mchele.

Jumanne, 4 Juni.

Kanuni zimefika arobaini na moja. Nilizipeleka dukani kwa Riyaz. Akasoma kurasa mbili huku akipima misumari. Akasema ikiwa kila ngumi inahitaji dadu tatu na kugawanya kwa saba, jambazi atakufa kwa uzee kabla hajazimia. Kejeli tupu! Hata hivyo amekubali pendekezo lipigiwe kura Jumamosi kabla ya mchezo. Tuko wanne, ninahitaji kura tatu.

Wakati tukibishana, mfanyakazi wa dukani alimfungia mteja nusu kilo ya misumari kwa ukurasa wangu wa tano. Nilikimbia hadi stendi. Basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Vifungu vya 17 hadi 20 viko njiani kwenda Geita.

Jumatano, 5 Juni.

Siku ya kutafuta kura.

Bhumika alinisikiliza huku akihudumia foleni. Kisha: kaka Sostenes, mtu aliyepigwa kisogoni hadi akazimia muda wa ugali, akiamka hataulizia mboga, huenda asiamke kabisa. Nikifuta Kifungu cha 9 atanipa kura. Nilimweleza kwamba utabibu ni tawi tu la falsafa. Akamuuzia mtu dawa ya minyoo kupitia juu ya bega langu. Kifungu cha 9 hakifutwi!

Nkwabi nilimkuta amekaa juu ya pikipiki yake. Aliuliza: Msomi, kwani si anayepiga aseme tu kabla ya kupiga kwamba haui? Basi?

Sentensi moja! Nilicheka. Nikamweleza kwa nini nia haiwezi kuwa sheria, kuanzia Wayunani. Nilipofika kwa Warumi akawasha pikipiki na kuondoka. Nilimalizia hoja hivyo hivyo, kwa faida ya waliokuwapo. Alikuwapo muuza karanga.

Alhamisi, 6 Juni.

Nimepata njia. Mtaalamu! Kamanda Maganga wa sungusungu wa mtaa wetu amekamata wezi wa ng'ombe kwa miaka kumi, na huwafikisha wakiwa hai mbele ya mkutano wa mtaa. Akisimama upande wangu, nani atapinga?

Nilimkuta akirekebisha plau. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilimfafanulia mchezo, ufalme, Lubango. Akataka kujua huyo Jemadari ameua wangapi. Kumi na mmoja, nikasema, na sikuficha fahari. Akaweka nyundo chini. Akauliza kama kila mara uliitishwa mkutano kwanza. Nikamwambia walikuwa porini. Akasema Jumamosi atakuja, bila shaka atakuja.

Nimeshinda.

Jumamosi, 8 Juni.

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Saa nane mchana tulikutana katika stoo ya baba yake Riyaz. Kamanda aliingia na filimbi shingoni na fimbo mkononi, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Wote wakamwamkia. Nilimtambulisha kwa robo saa. Nilipofungua Kifungu cha 1, alisema kanuni zitasubiri. Kwanza asomewe orodha ya marehemu.

Riyaz, nyoka yule, alikuwa nayo! Majina kumi na moja, na wajane wao. Wa tatu alikuwa muuza maziwa aliyekataa kusogeza mkokoteni. Kamanda akaniuliza yule alikosa nini. Nilisema alidharau hoja yangu. Nkwabi akacheka hadi akateleza kutoka juu ya mabati.

Ndipo Kamanda akafundisha. Mwizi hakamatwi na shujaa mmoja. Filimbi inapigwa, watu wote wanatoka, wanamzunguka, anachoka mwenyewe. Fimbo ni ya miguuni. Anayepiga kichwa ataeleza mbele ya mkutano. Kuhusu kanuni, Nkwabi alirudia sentensi yake, na Kamanda akaona maneno ya huyu kijana wa dhahabu yanatosha: anayepiga aseme kwanza. Bhumika akaongeza: na akisema haui, apige miguu. Kura tatu. Kanuni zangu arobaini na moja (thelathini na saba, ukitoa zilizokwenda Geita) zikapata kura moja. Yangu.

Kazwile alikamatwa kwa dakika kumi. Mwizi wa Nkwabi alipiga filimbi, kijiji kizima kikatoka, jambazi akaketi chini na kuomba maji. Mfalme akaridhika. Lubango hanyongwi! Nikasimama kutoa shukrani.

Kamanda akainua fimbo. Bado kuna suala la wale kumi na mmoja.

Hukumu: ng'ombe wawili kwa kila familia, jumla ishirini na wawili. Hadi walipwe, Lubango ametengwa. Hapewi moto wala maji, wala haitikiwi salamu. Nikapinga. Nikapinga kwa hoja tatu zilizopangika. Bhumika akamuuliza Riyaz kama anasikia upepo.

Kwa muda wa saa mbili na nusu! Chai ilinipita kana kwamba mimi ni nguzo. Lubango alipopanda farasi aondoke, Riyaz alisimulia kwamba farasi naye ni mwananchi, hivyo hakuondoka. Kamanda naye akapewa karatasi yenye mtu wake wa kubuni, mfugaji mwenye ng'ombe ishirini anaowachunga mtoni. Jinsi alivyozirusha dadu! Ameahidi kuja kila Jumamosi.

Jumapili, 9 Juni.

Nimetafakari kwa utulivu.

Nkwabi alipita asubuhi. Hapa mlangoni Lubango hajatengwa, akasema, kwa hiyo anaweza kuniambia: nikiomba radhi mbele ya mkutano, Kamanda atapunguza ng'ombe hadi sita. Sentensi moja tu, Msomi. Sentensi nyingine zote nitaachiwa nizitoe baadaye.

Sentensi moja tena! Watu hawa wana ugonjwa wa ufupi. Nilikataa kwa dakika ishirini.

Nimekwisha kuanza Kanuni za Kutengwa, vifungu sitini na tatu. Kifungu cha 1: farasi si mwananchi. Na ng'ombe ishirini na wawili si tatizo kwa mtu anayefikiri. Ishirini wako palepale mtoni, wanachungwa na mfugaji mmoja, peke yake, asiye na kofia. Wawili waliobaki tutajadiliana.

Sitamuua. Nitaifuata kanuni yao kwa heshima zote, nitatamka kabla ya kupiga. Kisha nitamgusa kisogoni kwa mpini, kidogo tu, muda wa kusonga ugali.

Dadu haiwezi kutoa kumi na tisa tena.