Mkurugenzi Aliyekaa Kiti cha Bibi

Kurugenzi ya Faraja ya Safari za Familia iliutangazia umma kwamba, kuanzia mwezi uliokuwa unafuata, hakuna familia itakayoruhusiwa kuteseka ndani ya gari lake. Tangazo lilisomwa Dodoma, katika ukumbi wenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba waandishi wa habari walijikunyata kama kuku walionyeshewa. Msomaji alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Ludovick Chibago, mtu wa sauti nzito na suti ya kijivu, aliyeamini kabisa kila alichokuwa anakisoma.

"Mwananchi wa kawaida ana haki ya kustarehe," alisema. "Na sisi tutahakikisha anastarehe, atake asitake."

Makofi yakapigwa. Mwandishi mmoja akauliza faraja maana yake nini. Ludovick alikuwa akilingoja swali hilo, kwa sababu kikosi kazi kilijifungia hotelini wiki nzima kulitafutia jibu.

"Faraja ni hali ya abiria kutolalamika kabla hajashuka garini."

"Na akilalamika baada ya kushuka?"

"Huyo si abiria tena. Huyo ni mtembea kwa miguu. Wana kurugenzi yao."

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila gari la familia litapimwa, na likifaulu litabandikwa stika ya faraja. Lisilo na stika lisithubutu kubeba mzee wala mtoto nje ya mji. Ludovick alirudi ofisini moyo mweupe, ndani ya gari refu jeusi la serikali lililopita juu ya matuta kama linapita juu ya uvumi. Mke wake, Hilda, hakuwahi kukanyaga ndani ya gari lile. Akienda kwao Chemba alipanda basi na mabegi yake, na Ludovick aliuita huo uadilifu.

Siku chache baada ya kanuni kuanza kutumika, akaingia ofisini mwanamke wa makamo, Hana, mwenye shamba dogo la zabibu ng'ambo ya Hombolo. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, na Ludovick alivitazama kabla ya kumtazama usoni.

"Mheshimiwa, mama yangu ana nyonga mbovu," alisema Hana. "Kila Jumanne nampeleka mazoezi hospitalini huku mjini. Juzi nimerudishwa njiani, eti sina stika. Daktari anasema akikosa mazoezi mfululizo mguu utakauka. Naomba hiyo stika."

"Stika haiombwi, mama. Stika inastahiliwa. Gari lako limepimwa?"

"Mnapima lini?"

"Tukishapata gari la kupimia."

Hana akageuza shingo, akaangalia dirishani. "Langu hilo hapo nje."

Ludovick akasimama kuchungulia. Chini ya mti wa mjohoro kulikuwa na gari dogo jeupe, siti za nyuma zimejaa kreti tupu za zabibu, bampa limeshonwa kwa waya. Ndani ya moyo wake kitu kikaruka. Alhamisi ile Mratibu Mkuu, Bi. Ikram, angekuwa Hombolo kukagua mizabibu mbele ya kamera. Gari hili la mwananchi wa kawaida kabisa lingefika pale mchana, familia ikitabasamu, na yeye akiwa ndani yake. Bi. Ikram alikuwa anatafuta naibu, na jambo hilo lilijulikana mpaka kantini.

Asubuhi ya Alhamisi Hana alileta gari lipimwe kama Ludovick alivyomwagiza, mama yake, Bi. Anna, amekaa nyuma kushoto, mguu ameunyoosha.

"Huyu mama atashuka," alisema Obedi, mwanasheria wa kurugenzi. "Jaribio linafanywa na Familia ya Majaribio."

"Familia si ndiyo sisi?" aliuliza Hana.

"Nyie ni familia ya kawaida. Familia ya Majaribio lazima iwe ya watumishi, maana posho ya safari hailipwi kwa asiye mtumishi."

Bi. Anna akashushwa, akakalishwa mapokezi na kupewa soda. Alishukuru. Hana alikubali yote isipokuwa jambo moja: gari angeliendesha mwenyewe, kwa sababu klachi yake haimjui mtu mwingine.

Ikaja habari ya kukaa. Kwa itifaki, mkubwa hukaa nyuma kushoto, na Ludovick akaelekea huko bila kufikiri.

"Hicho ni kiti cha bibi," alisema Hana. "Ndiyo maana siti ya mbele yake nimeisogeza, anyooshe mguu."

Obedi akapekua mwongozo. "Ni kweli, mkuu. Anayekaa kiti cha bibi, kwa madhumuni ya jaribio hili, ndiye bibi."

Ludovick alitazama sehemu iliyobaki, pale katikati, penye uvimbe wa chuma na mkanda usiofunga. Akachagua kuwa bibi. Mwantum, mhasibu, alikaa mbele, hivyo akawa baba. Obedi alibanwa katikati na mkoba wake mapajani, na mwongozo ukamtambua kuwa mtoto mchanga. Nyuma yao likafuata lile gari refu jeusi, tupu, kiyoyozi kinavuma, likiwa limebeba maji ya kunywa kwa ajili ya usalama.

"Bibi yuko tayari?" aliuliza Mwantum.

"Yuko tayari," alijibu Ludovick.

Kwenye lami mambo yalikuwa ya kuvumilika. Tuta la kwanza lilimgongesha kichwa darini. Kwenye rasta, vile vituta vyembamba vilivyopangwa mfululizo, meno yalimgongana, akashindwa kumaliza sentensi aliyokuwa ameianza kuhusu maendeleo. Siti chini yake ilikuwa na springi moja iliyotoka kwenye mstari, ikamtafuta mpaka ikampata. Hata hivyo gari lilikuwa na mema yake, na Hana aliyataja bila kuulizwa: buti linameza kreti za zabibu na godoro juu yake, mafuta linanusa tu, na spea zake unazipata hadi Chang'ombe kwenye duka la kona.

"Shida yake ni shokapu tu," alisema. "Na si kosa lake. Ni hii njia."

Kisha wakaiacha lami. Njia ya kwenda kwenye mashamba ilikuwa imechimbwa na mvua za misimu mingi, makorongo yamepishana kama mishipa ya mkono wa mzee. Hana alipinda kushoto, akapinda kulia, akapanda ukingo. Vumbi likaingia kupitia mlangoni. Mtoto mchanga akapiga chafya.

Hana akamtazama Ludovick kwenye kioo. "Vipi huko nyuma? Mama yangu akifika hapa huwa anasema, 'Ee Mungu wangu.'"

"Hilo ni lalamiko?" Ludovick aliuliza, akiwa ameshika kishikizo cha mlango kwa mikono yote miwili.

Obedi alifikiri. "Kisheria ni sala."

"Ee Mungu wangu," alisema Ludovick.

Korongo lililofuata halikukwepeka. Gari lilizama, likapaa, likatua, na kitu mgongoni mwa Ludovick kikalia kama kijiti kikavu. Maumivu yakashuka hadi kwenye kisigino. Macho yakamjaa maji.

"Bibi analalamika?" Mwantum aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Mkuu, useme. Turudi. Twende hospitali na lile kubwa."

Ludovick alifungua kinywa. Mbele, kati ya mistari ya mizabibu, aliona turubai jeupe, kamera, na kilemba cha rangi ya machungwa cha Bi. Ikram. Akilalamika, gari limefeli. Gari likifeli, kanuni imefeli, na naibu atatafutwa kwingine. Alimfikiria yule mama mzee aliyeachwa mapokezi na soda, anayepita hapa kila wiki kwenda na kurudi, na kwa kitambo kidogo aliona aibu. Kisha kamera zikageukia gari lao.

"Bibi hana malalamiko," alisema.

Mlango wake ulikuwa unafunguliwa kwa nje tu. Wanaume wawili walimvuta, akatoka akiwa amejikunja, na hakuweza kunyooka.

"Inatosha, Ludovick," alisema Bi. Ikram. "Usiniinamie hivyo mbele za watu. Haya, safari ilikuwaje?"

"Mheshimiwa," alisema Ludovick akizungumza na viatu vyake, "sijawahi kustarehe namna hii. Nimesahau hata kama nilikuwa safarini."

"Kweli? Kuliko lile lako kubwa?"

Kamera zilikuwa zinawaka. "Lile kubwa lina mapungufu yake."

Bi. Ikram akayageukia magari yote marefu meusi yaliyopangwa kando ya shamba, injini zikinguruma bila mtu ndani. Alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Wananchi mmesikia kwa mtaalamu mwenyewe," alisema. "Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila mkurugenzi atakabidhi gari kubwa na kupewa dogo kama hili. Hatuwezi kuwanyima watendaji wetu faraja ambayo wananchi wanaipata kila siku."

"Mheshimiwa, ningependa kuongeza jambo moja..."

Obedi alimsogelea sikioni. "Umeshashuka, mkuu."

Hana alibandikiwa stika palepale. Alipouliza kuhusu shokapu aliambiwa hizo haziko ndani ya upeo wa mradi.

Jumatatu wakurugenzi wa mji mzima walishuka kwenye magari madogo, mmoja baada ya mwingine, kama nguo zinazotolewa sandukuni. Hakuna aliyemsalimia Ludovick. Lakini ubaya zaidi ulikuwa Jumamosi, maana wakurugenzi wengi wana viwanja na mashamba ya zabibu ng'ambo ya Hombolo, na njia ni ileile. Jumamosi ya kwanza walirudi wameshika viuno. Baada ya Jumamosi ya pili, greda ambalo wananchi walikuwa wameambiwa kwa miaka kwamba limekosa kipuri lilipatiwa kipuri. Likaja na maboza ya maji, likaja na vifusi, na wahandisi wakashinda juani wakipima makorongo kwa upole mkubwa. Matuta ya mjini nayo yakapunguzwa urefu, kwa sababu za kitaalamu.

Ludovick aliyasikia hayo hospitalini, kwenye benchi la mazoezi ya mgongo. Pembeni yake alikuwa amekaa Bi. Anna, na Hana amesimama akiwa ameshika mkoba wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti changu?"

"Ndiye mimi."

"Pole. Ungenyoosha mguu usingeumia."

"Njia imekuwa kama mkeka," alisema Hana. "Mama analala hadi mjini. Mheshimiwa, nilikusema vibaya sana nyumbani kwangu, lakini leo nakushukuru. Kule kwetu hakuna anayelalamika tena."

Katika miaka yake yote ya utumishi, Ludovick alikuwa hajawahi kushukuriwa na mtu asiyehitaji kitu kutoka kwake. Alilala na maneno yale. Asubuhi alikwenda kwa Bi. Ikram na kumweleza kwa fahari kwamba faraja imepatikana, na malalamiko yamekwisha kabisa.

"Yamekwisha kabisa?"

"Kabisa, Mheshimiwa. Hata moja halipo."

"Hongera sana," alisema Bi. Ikram, akampa mkono. "Basi kurugenzi imemaliza kazi yake."

Ilivunjwa wiki hiyohiyo. Obedi na Mwantum walihamishiwa kwa watembea kwa miguu. Ludovick alipangiwa Chemba, ofisi ndogo ya mnada wa mifugo, cheo cha kawaida, na nyumba upande wa pili wa korongo. Gari dogo aliruhusiwa kwenda nalo. Hilda alikaa mbele, sufuria mapajani. Alikuwa anaangalia nje na kufurahia safari yake ya kwanza garini na mume wake.

Karibu na nyumba, gari lilikwama korongoni. Jirani yao mpya, Nurdini, muuza mbuzi, alikuja kusukuma.

"Ndugu yangu," Ludovick aliuliza dirishani, "huku greda huwa linapita lini?"

"Lije kufanya nini?" Nurdini alijibu, akikunja suruali. "Huku hakuna mkurugenzi."

Ludovick alifungua kinywa kumsahihisha. Hilda akamgeukia, akamtazama tu. Ludovick akakifunga, akashuka polepole akiwa ameshika kiuno, akaenda nyuma ya gari kusukuma.